Jenereta ya gari-nyumba: tunayoambiana kambini na yaliyo kweli

Shemeji yangu alinipigia simu kutoka Quartzsite, jangwani Arizona, mchana mmoja wa mwezi wa nne. "Shem, jenereta niliyouziwa ni feki. Kwenye boksi wameandika wati elfu mbili na mia mbili. AC ya gari inakula elfu na mia tano. Kila nikiiwasha, umeme unakatika." Nikamwambia aachane na boksi, atazame kibandiko kilichopo ubavuni mwa jenereta. Akakuta namba mbili. Jenereta yake ilikuwa nzima kabisa, ila aliyemuuzia alimtajia namba moja tu.

Sisi watu wa Afrika Mashariki wenye magari-nyumba, yale ambayo huku Marekani kila mtu anayaita RV, si wengi, na tunafundishana kwa simu. Neno akilisema mmoja, limefika kwa wote, liwe sahihi au la. Haya hapa ndiyo ninayoyasikia mara nyingi, na moja kati yake linaua.

"Nguvu yake ni ile namba kubwa ya kwenye boksi"

Namba kubwa ni nguvu ya kuanzia: kile ambacho jenereta inaweza kutoa kwa muda mfupi tu, mota inapoanza kuzunguka. Nguvu ya kazi, ile inayodumu saa baada ya saa, ni ndogo zaidi. Honda EU2200i, ambayo huikosi kwenye kambi nyingi, hufika wati 2,200 kwa muda mfupi, lakini kwa mfululizo ni 1,800. Sasa chukua kiyoyozi cha paani cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Kikishachanganya kinatumia wati 1,300 hadi 1,500 hivi, ila kompresa inapoamka inadai karibu mara mbili ya hapo, kufumba na kufumbua. Hapo ndipo ya shemeji ilipokuwa inakata. Na gari lenyewe lina mdomo wake: chaja ya betri inavuta, friji inavuta, hata kabla hujagusa swichi ya kiyoyozi.

Kuna kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya kiyoyozi ambacho huiamsha kompresa taratibu badala ya kuishtua, na ule mshtuko wa mwanzo hupungua kwa zaidi ya nusu. Shemeji alifunga hicho, jenereta yake ileile ikakubali. Njia nyingine ni kuunganisha jenereta mbili za inveta (zile zinazobadilisha mwendo kulingana na mzigo) zinazofanana kwa kebo yake maalumu, au kununua kubwa zaidi. Ukienda kwenye kubwa, fikiria mgongo wako. Hiyo ndogo ina kilo 21 hivi, unaiteremsha peke yako. Zile za wati 4,000 na kupanda nyingi zinataka magurudumu au mtu wa pili.

Maikrowevu pia huwadanganya watu. Iliyoandikwa wati 1,000 mlangoni inatoa wati 1,000 kwenye chakula, lakini ukutani inavuta kama 1,500. Usome kibandiko cha nyuma, siyo cha mlangoni.

"Jenereta nzuri hutoa nguvu ileile popote"

Injini inapumua. Ukipanda mlima hewa inakuwa nyepesi, nayo inakosa pumzi kama wewe. Kwa injini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kadiria kupoteza asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za kupanda. Mimi naishi Denver, Colorado, mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na nikienda kupiga kambi Leadville, mji wa milimani, nafika mita 3,100 hivi. Pale theluthi ya nguvu imeshaondoka: wati 1,800 zimebaki chini ya 1,200. Kwa walioko nyumbani hesabu ni hiyohiyo. Nairobi, mita 1,800, unapoteza kama moja ya tano, na kwenye ukingo wa Ngorongoro, karibu mita 2,300, zaidi ya robo.

Juu huko kabureta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba hewa bado ni nzito, ndiyo maana moshi unakuwa mweusi na plagi ya injini inajaa masizi. Watengenezaji wengi huuza jeti ya milimani, yaani kijiskrubu cha kupitishia petroli, yenye tundu dogo zaidi. Ukiifunga, kumbuka kurudisha ya zamani unaposhuka, kwa sababu petroli ikiwa haba bondeni injini inapata joto kupita kiasi na inaweza kuungua.

"Madirisha yakiwa wazi, moshi hauna shida"

Usiku mmoja karibu na Leadville, jirani aliweka jenereta yake nyuma ya gari lake, upande wetu, kama mita tatu kutoka dirisha la kitanda cha watoto. Upepo ulikuwa unakuja kwetu. Mke wangu alianza kulalamika kichwa kinamgonga. Nikamwambia ni mlima huo, kesho utazoea. Mdogo wetu akaamka akasema anataka kutapika. Nikasema mlima tena, nikampa maji. Dirisha tulikuwa tumelifungua wenyewe, makusudi, tupate hewa safi. Kisha king'ora kilichopo chini ya kabati kikaanza kulia, milio minne minne, na mimi kwa sekunde kadhaa nilidhani betri yake imekwisha.

Tulitoka na mablanketi, tukasimama upande wa juu wa upepo, tukapiga 911, namba ya dharura. Walipotupima, damu za watoto zilikuwa na hewa ya kaboni monoksidi. Tulipona wote. Lakini sikulala usiku ule, na mpaka leo nikisikia jenereta imewashwa jirani, kitu cha kwanza ninachotafuta ni uelekeo wa upepo.

Hewa hii haina rangi, haina harufu. Harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine, na unaweza usiisikie kabisa huku sumu ikiwa imejaa. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua vizuri tu, kifua kinapanda na kushuka, na mwili unakosa hewa. Ni ileile ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi. Sote tumekua tukisikia habari za familia zilizolala na jiko na hazikuamka. Hakuna mtu wetu anayehitaji kuelezwa hatari ya jiko lile, lakini mtu huyohuyo utamkuta ameweka jenereta chini ya turubai la mlangoni kwa sababu mvua inanyesha.

Dirisha wazi halikulindi, kwa sababu ndilo linaloingizia sumu. Iweke jenereta angalau mita 6 kutoka kwenye gari lako, na kutoka kwenye gari la mwenzako pia, bomba la moshi likitazama mbali na wote, upepo ukiupeleka moshi kusikokuwa na watu. Isiwe kwenye hema, isiwe kwenye buti la mizigo hata kama mlango wake umeachwa wazi. Kama mvua ni kubwa na huna kifuniko kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, izime ulale kwa umeme wa betri.

Jenereta nyingi za sasa zina kihisio kinachoizima kaboni monoksidi ikizidi. Ni jambo jema, ila kihisio hicho kinapima hewa inayoizunguka jenereta. Upepo ukiwa unasomba moshi na kuuingiza dirishani kwako, chenyewe kinaweza kuona hali ni shwari. Cha kukuokoa ni king'ora cha ndani. Kigeuze utazame tarehe nyuma: vingi hufa baada ya miaka 5 hadi 7, na kubonyeza kitufe cha majaribio hakukuambii kuwa kihisio bado kinanusa.

Na dalili: kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi mzito. Sisi tunasingizia malaria, mafua, uchovu wa safari, na milimani tunasingizia urefu. Zikiwapata watu wawili wa gari moja kwa wakati mmoja, toka nje kwanza, ubishi baadaye.

"Haitaki kuwaka, basi imekufa"

Mara nyingi imelala na petroli tumboni. Petroli ya huku kwa kawaida imechanganywa na ethanoli asilimia 10, na ethanoli hunyonya unyevu. Ikikaa mwezi na zaidi bila dawa ya kuihifadhi inaanza kuharibika, na mahali pa kwanza kuumia ni kabureta.

Yangu niliiweka majira ya baridi nzima bila kuimwaga. Majira ya kuchipua nilivuta kamba mpaka bega likauma. Nilifungua kikombe cha chini cha kabureta kwa spana namba 10, kikateremka na vijiko viwili vya maji ya kahawia yanayonuka kama rangi ya kupaka mbao. Chini palikuwa na utando wa kijani unaonata kidoleni. Ile jeti kuu, kijiskrubu cha shaba, niliielekeza kwenye taa nikachungulia tunduni: giza. Tundu lake ni dogo hata sindano ya kushonea haipiti, na hupaswi kulitoboa kwa sindano, maana ukilipanua hata kidogo kipimo cha petroli kimeharibika milele. Unaliloweka kwenye dawa ya kabureta, unapuliza kwa hewa, unachungulia tena mpaka uone duara la mwanga. Kazi ya saa nzima, ambayo ningeiepuka kwa dakika tano: funga petroli, acha injini imalizie iliyobaki mpaka izime yenyewe, kisha fungua skrubu ya kumwagia ya kikombe.

Kuna wanaosema iwashwe dakika tano kila mwezi ipate kupumua. Dakika tano bila mzigo hazitoshi, injini haipati joto la kukausha unyevu ndani. Ipe mzigo wa nusu hivi, hita ndogo inatosha, iende saa moja au mbili.

Sababu nyingine ya kuzima ni oili. Jenereta nyingi zina swichi inayoizima oili ikipungua, na ukiiweka kwenye mteremko swichi hiyo inadanganyika hata kama oili imejaa. Kabla hujamtafuta fundi, iweke sawasawa na uchomoe kijiti cha oili utazame. Oili ya kwanza kabisa imwagwe baada ya saa 20 za kazi, kwa sababu ina vumbi la chuma la injini mpya, kisha kila saa 100 au miezi 6. Injini ndogo hii inabeba kama nusu lita au pungufu. Chupa moja ya oili, na bado watu wanaibania.

Jangwani kama Quartzsite kagua na chujio la hewa pia. La sponji linaoshwa kwa maji ya sabuni, linakauka kivulini, unalipaka oili kidogo na kulikamua. Likiwekwa kavu linapitisha vumbi moja kwa moja kwenye silinda.

"Yenye kelele ndiyo yenye nguvu"

Jenereta za fremu wazi, zile za kwenye ujenzi, hulazimika kuzunguka mara 3,600 kwa dakika ili zitoe umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde (60 Hz), uwe umewasha taa moja au kila kitu. Za inveta huongeza na kupunguza mwendo kulingana na mzigo, ndiyo maana zinanong'ona na hazili petroli bure. Kwenye hifadhi za taifa za Marekani sheria inakataza jenereta inayozidi desibeli 60 ikipimwa kutoka mita 15, na kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa ukimya. Kambi nyingi zinabana zaidi ya hapo. Soma kibao cha getini.

"Gonga nondo ardhini, ndiyo ethi"

Hili linakuja pale kifaa cha kulinda umeme wa gari kinapokataa umeme wa jenereta na kusema ethi haipo. Mtu anachukua nondo, anaigonga ardhini, anafunga waya. Kifaa kinakataa vilevile. Sababu ni kwamba kwenye jenereta nyingi za inveta nyutro (waya unaorudisha umeme) haijaunganishwa na ethi (waya wa usalama), tofauti na nguzo ya umeme ya kambini. Tatizo hilo huondoka kwa plagi ndogo inayounganisha hizo mbili, ukiichomeka kwenye soketi ya pili ya jenereta. Zinauzwa madukani zikiwa tayari. Usiichomeke kamwe kwenye soketi ya nyumba au ya kambi.

"Nikiichoka nitaituma Dar"

Naulizwa hili kila msimu wa kontena. Jenereta ndogo ya soko la Marekani hutoa volti 120 na mizunguko 60. Tanzania, Kenya na Uganda umeme ni volti 230 au 240, mizunguko 50. Friji ya mama haitafanya kazi kwenye hiyo, na kibadilisha volti hakibadilishi mizunguko. Kama unataka kumsaidia mama, mtumie hela anunue kulekule iliyoandikwa 230 V na 50 Hz, na mwambie aiweke nje, mbali na dirisha la chumba anacholala.