Oili ya sintetiki na ulaji wa mafuta: tunachanganya vitu viwili

Juzi tena nimeisikia. Niko duka la spea nasubiri filta, kijana wa kaunta anamuuzia mama mmoja galoni ya lita nne, mama ana Toyota IST, anaambiwa chukua hii sintetiki mama, gari itaacha kula mafuta, utaona mwenyewe kila lita inaongeza kilometa tatu nne. Mama akalipa. Mi nikanyamaza kwa sababu si adabu kuingilia biashara ya mtu, ila nimerudi nyumbani inanikera bado, maana hii kauli nimeisikia gereji, nimeisikia sheli, nimeisikia mpaka kwenye harusi.

Maana ya oili ya sintetiki ni fupi. Oili yoyote ya injini ni mafuta ya msingi ukichanganya na dawa za kuzuia kutu, uchafu, kusagika na kadhalika. Ya kawaida, huo msingi umechujwa kutoka mafuta ghafi. Ya sintetiki, msingi umeundwa au umebadilishwa kikemia kiwandani mpaka molekuli zake zinakaribia kulingana. Basi. Hapo hakuna neno lolote kuhusu kilometa kwa lita.

Neno lenyewe ni la Kigiriki, "syn" ni pamoja, na nusu ya pili inatokana na kitenzi cha kuweka, yaani kuweka vitu pamoja, kuunda kwa kuunganisha. Na angalia tunavyolitumia huku kwetu: nywele za sintetiki ni za bei poa, viatu vya sintetiki maana yake si ngozi, ila neno hilohilo likibandikwa kwenye galoni ya oili bei inapanda na watu wanaona ni dawa. Linaeleza kitu kimetengenezwaje tu, ubora ni habari nyingine.

Tena hata huko walikoanza kulitumia walishagombana. Mobil 1, oili ya sintetiki ya kampuni ya Mobil, iliingia sokoni 1974, dunia imetoka tu kupigwa na bei ya mafuta ya 1973, kwa hiyo kitu chochote kilichosema kinaokoa mafuta kilisikilizwa, na nadhani imani hii imezaliwa humo. Baadaye washindani wao Castrol wakawa wanauza kama sintetiki oili ambayo msingi wake ulitoka kwenye mafuta ghafi, ila umesafishwa na kubadilishwa kwa haidrojeni kwa kiwango kikubwa sana. Mobil wakalalamika kwamba hiyo siyo sintetiki. Mwaka 1999 chombo kinachosuluhisha ugomvi wa matangazo Marekani kikaamua Castrol wana haki ya kuiita hivyo. Tangu hapo neno limepanuka, galoni mbili zote zimeandikwa sintetiki na ndani zina misingi tofauti kabisa. Kwa hiyo ukiniambia "hii ni sintetiki" hujaniambia mengi.

Sasa kinachogusa mafuta ya gari ni unene wa oili. Injini inapozunguka, pampu inaisukuma oili, na vyuma vinaogelea juu ya utando wake, na oili nzito inahitaji nguvu zaidi kusukumwa, nguvu hiyo inatoka kwenye petroli yako. Unene unaandikwa kwa namba, 5W-30, 15W-40, 20W-50. Na hapa naomba tuelewane, hiyo W siyo uzito, ni kipupwe cha Wazungu, winter. Namba ya kwanza inasema oili inavyofanya kazi kwenye baridi kali, 5W inapimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Namba ya pili ni unene wake injini ikishachemka, inapimwa nyuzi 100. Oili ikiwa bado haijapata moto inaweza kuwa nzito mara tano au zaidi ya ilivyo ikichemka, ndo maana hata Dar kwenye joto letu hili safari fupi za kwenda sokoni na kurudi kwa kila kilometa zinakula mafuta kuliko safari ya Morogoro.

Hapo ndo mkanganyiko unapoingia. Oili nyepesi sana kama 0W-20 haitengenezeki vizuri kwa msingi wa kawaida, itageuka mvuke kwa joto, kwa hiyo karibu zote ni sintetiki. Watu wakaona nyepesi zinaokoa mafuta, wakaona nyepesi ni sintetiki, wakahitimisha sintetiki inaokoa mafuta. Lakini kuna 20W-50 ya sintetiki pia, na hiyo itaizuia injini ya IST kuliko 5W-30 ya kawaida ya bei rahisi. Imeandikwa sintetiki vizuri kabisa na bado gari linakula zaidi.

Na faida yenyewe ni ndogo. Tovuti ya serikali ya Marekani ya ulaji wa mafuta inasema ukitumia namba iliyopendekezwa na mtengenezaji unapata nafuu ya asilimia 1 mpaka 2, mfano wao ni injini ya 5W-30 inayowekewa 10W-30. Piga hesabu, gari linalotembea kilometa 12 kwa lita, asilimia 2 ni mita 240. Kwenye lita 40 umeokoa mililita 800. Ukitoka kwenye 20W-50 unaweza ukapata zaidi kidogo, ila kilometa nne kwa lita haitoki kwenye oili, angalia upepo wa tairi, plagi, breki zinazoshika.

Sintetiki ina faida zake na mi mwenyewe naiweka: inavumilia joto, haigandi tope haraka, haipungui kwa kuvukiza sana. Lakini hizo ni za injini kudumu. Wala usikimbilie nyepesi kuliko kitabu kinavyosema, injini iliyoundwa kwa 40 ukiipa 20 utando unakuwa mwembamba na vyuma vinagusana.

Kwa hiyo mdogo wangu wa kaunta, endelea kuuza sintetiki, ni bidhaa nzuri. Ila mama mwingine akija, kabla ya kushusha galoni muulize kwanza: mama, kitabu cha gari au mfuniko wa kujazia oili umeandikwa namba gani? Akikwambia hajui, toka naye nje mkaangalie pamoja.