Mkuu wa taasisi ya utafiti wa uchumi hapangi bei ya korosho

Minada ya korosho ikianza, kuanzia Tandahimba hadi Ruangwa, lawama ya bei huwafikia hata watafiti wa uchumi waliopita na madodoso miezi michache nyuma. Wanaolaumu wengi hawajui mkuu wa taasisi ya utafiti, yaani mkurugenzi, ana mamlaka gani. Hizi hapa dhana potofu sita kuhusu kazi yake, na ukweli wa kila moja.

Dhana: Mkurugenzi ndiye anayeamua sera.
Hana mamlaka hayo. Yeye hupeleka ushahidi. Wanaoamua ni Rais, wizara, Baraza la Mawaziri na Bunge. Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, huo ulikuwa uamuzi wa Rais. Bei ya mnada nayo hutokana na wanunuzi, wengi wao wakipeleka korosho ghafi India na Vietnam.

Nguvu ya mkurugenzi ipo kwenye kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti kuu husomwa Juni, lakini mafungu hupangwa miezi mingi kabla. Ripoti ya kurasa 120 ikifika Mei, imekuta watu wameshagawana. Anayeijua kazi hupeleka kurasa 2 hadi 4 ifikapo Oktoba au Novemba, zenye pendekezo moja na gharama yake.

Dhana: Taasisi zote za utafiti wa uchumi ni ofisi za Serikali.
ESRF na REPOA za Tanzania, zilizoanza miaka ya 1990, ni taasisi huru zisizotafuta faida. KIPPRA, taasisi ya utafiti wa sera ya Kenya, ni shirika la umma. Hata hivyo, uhuru wa kwenye karatasi hauleti mshahara. Mtafiti anayelipwa na mradi wa mfadhili hukimbilia kazi za ushauri mradi ukiisha, na swali la miaka mitatu huachwa njiani. Ukitaka kumpima mkurugenzi, muulize kama mkataba unaruhusu kuchapisha matokeo yasiyompendeza aliyelipa.

Dhana: Watu 400 waliohojiwa hawawezi kuusemea mkoa mzima.
Wanaweza, wakichaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5 juu au chini, hesabu inataka watu 385, hata kama mkoa una watu zaidi ya milioni 1.6 kama Mtwara ya sensa ya 2022. Shida ni kwamba watafiti huchagua vijiji kwanza, kisha kaya ndani ya kijiji, na majirani hufanana. Hapo kawaida idadi huongezwa, mara nyingi hadi maradufu, yaani kama 770. Ukitaka kuisema Lindi peke yake, nayo inahitaji 770 zake. Kulipunguza kosa hadi asilimia 2.5 huzidisha idadi mara nne, na hapo ndipo mkurugenzi hupimana ubavu na mhasibu.

Dhana: Ukiwa na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), umemaliza.
Bado kuna barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, halmashauri, kata na kijiji. Ukiruka ngazi moja, timu hulala gesti ikisubiri simu.

Tena adabu hiyo ya kupitia viongozi ina gharama yake. Mtendaji wa kijiji akikaa kwenye mkeka pembeni ya mhojiwa, hakuna atakayesema aliuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, maana biashara hiyo imekatazwa. Kiongozi makini huagiza mwenyeji asalimie, atambulishe wageni, kisha aondoke. Akiona kijiji kizima kimejibu "hapana" kwa swali hilo, anarudisha dodoso, hasaini ripoti.

Dhana: Lazima awe profesa wa uchumi.
Inasaidia, basi. Muhimu zaidi ni kujua kuajiri na kukubali rasimu ichanwe na wataalamu wa nje kabla ya kuchapishwa.

Dhana: Mwezi wa utafiti haujalishi.
Unajalisha sana huku Kusini. Ukiuliza kipato Novemba, malipo ya mnada yanaingia na kila kaya inaonekana ina nafuu. Ukiuliza Juni, fedha imeshaisha, na kaya ile ile inaonekana fukara. Dawa ni kuzipitia kaya zile zile mara mbili, msimu na nje ya msimu, na safari ya pili iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kuandika ombi la fedha.