Kuchanika vibaya wakati wa kujifungua: swali ambalo mama haulizwi kliniki

Mama aliyeshonwa msamba akirudi kliniki huulizwa kama mshono unauma. Hujibu kuwa hauumi, na huenda ni kweli. Asichoulizwa ni kama anaweza kuzuia ushuzi, na kama akibanwa na haja kubwa anawahi choo. Naye hasemi. Wengi hawalitaji hata kwa mume au mama mzazi, wakidhani ndivyo mwili unavyokuwa ukishazaa. Hizo ni dalili za jeraha lenye tiba, na ndiyo sababu tunaziandika hapa kwa majina yake.

Msamba ni sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Wanaojifungua kwa njia ya kawaida wengi huchanika kidogo, wakapona bila shida. Daraja la kwanza huishia kwenye ngozi na utando wa uke, la pili hufika kwenye misuli ya msamba. Daraja la tatu hukata, kwa sehemu au wote, msuli wa mviringo unaofunga njia ya haja kubwa. La nne huupita msuli huo na kuchana utando wa ndani wa njia yenyewe. Haya mawili ya mwisho ndiyo tunayoyaita kuchanika vibaya. Takwimu za Uingereza zinaonyesha kwamba huwapata takriban wanawake 6 katika kila 100 wanaozaa kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, na chini ya 2 kati ya waliokwisha kuzaa kwa njia hiyo. Mtoto mwenye zaidi ya kilo 4, bega lililokwama, kusukuma kwa muda mrefu na kuvutwa kwa koleo huongeza hatari. Lakini wapo wanaochanika hivyo bila hata moja ya hayo, kwa hiyo anayemlaumu mama kwamba hakusukuma vizuri anamwonea.

Kutazama kwa macho hakutoshi kujua daraja. Kabla ya kushona, mkunga au daktari hupima kwa kidole njia ya haja kubwa, baada ya kumweleza mama na kupata ridhaa yake. Kipimo hakipendezi, lakini kikirukwa, ngozi inaweza kushonwa ikapendeza huku chini yake ncha za msuli zimeachana. Kwa kawaida daraja la tatu na la nne hushonwa katika chumba cha upasuaji, kwenye mwanga wa kutosha, mama akiwa amechomwa ganzi ya mgongo au amelazwa kwa nusu kaputi. Kisha hupewa antibayotiki na dawa ya kulainisha choo.

Hiyo ya kulainisha choo ndiyo inayodharauliwa, na mimi naona ndiyo inayoamua mengi. Haja kubwa ya kwanza humtisha mama kuliko hata uchungu aliotoka kuupitia. Huibana, choo kinakauka, na kikitoka kinavuta mshono. Meza dawa kama ulivyoandikiwa, kunywa maji ya kutosha, usiahirishe. Ukitumia choo cha kukaa, weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu ya nyonga, shikilia msamba kwa pedi safi, usijikamue. Dawa za maumivu zenye kodeini hufunga choo, na vidonge vya kuongeza damu pia huweza kukikausha. Zungumza na daktari kabla ya kuviacha. Usikubali kuwekewa dawa au bomba kwenye njia ya haja kubwa na mtu asiyejua aina ya mshono ulio nao.

Mengine ni mepesi: osha kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, badilisha pedi mara kwa mara, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa hupunguza uvimbe. Maumivu yakishatulia, anza kubana misuli kama anayezuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, huku ukiendelea kupumua. Ukiweza, bana hadi sekunde 10, achia, rudia mara 10, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akikuelekeza ni bora zaidi, kwani wapo wanaosukuma wakidhani wanabana.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukipata homa, usaha au harufu mbaya, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au mshono ukifunguka, jambo ambalo hutokea zaidi katika wiki 2 za mwanzo. Hewa au kinyesi kikipita ukeni, huenda kuna fistula, yaani tundu kati ya njia ya haja kubwa na uke. Haizibwi kwa kuoga wala kwa kujifunga nguo, na mara nyingi huhitaji upasuaji. Maumivu wakati wa tendo la ndoa nayo yasemwe. Wakati mwingine kovu ndilo linalovuta, na wakati mwingine ni ukavu wa uke unaoletwa na kunyonyesha, ambao kilainishi husaidia.

Baada ya mwaka mmoja, wanawake 60 hadi 80 katika kila 100 walioshonwa msuli huo hawana dalili yoyote. Wengine hubaki na shida ya kuzuia ushuzi au kukimbilia choo, na kwa baadhi dalili hujitokeza baadaye, hata hedhi inapokoma. Hao husaidiwa kwa mazoezi, dawa, mpangilio wa chakula, na wachache kwa upasuaji.

Kwa mimba ijayo, uwezekano wa kuchanika vibaya tena ni takriban 5 hadi 7 katika kila 100, hivyo wengi huweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Mwenye dalili zinazoendelea, au ambaye kipimo cha picha kimeonyesha msuli haujaunga, ajadiliane na daktari kuhusu kuzaa kwa upasuaji wa kupangwa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, omba daraja la jeraha lako liandikwe wazi kwenye kadi yako.