Tupime mto siku ya tope

Mvua kubwa ikinyesha Murang'a, mifereji ya Nairobi huweza kukauka, na watu hushangaa. Maji yapo tele, ila yamebeba udongo mwingi mno. Mtambo wa kusafisha maji huhitaji shabu zaidi ili chembe zishikane na kutuama, vichujio huziba mapema, na vijidudu vilivyojificha ndani ya chembe hizo huponyoka klorini. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, na mito inayoshuka kutoka Aberdare. Kwa hiyo shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mto kule Gatanga, Murang'a, linamhusu pia mama anayepika mtaani Umoja, Nairobi.

Sampuli ya maji ya mto ikichotwa mara moja kwa mwezi, tena siku ya jua kwa kuwa barabara inapitika, matokeo hupendeza na hupotosha. Udongo mwingi wa mwaka mzima hupita katika siku chache za mafuriko, hasa maji yanapoanza kupanda.

Hesabu ya tope si ngumu. Lita ya maji huchujwa, kichujio hukaushwa kwenye nyuzi 105 za Selsiasi, kisha tope hupimwa uzito. Tuseme kuna gramu 2 kwa lita, na mto unapitisha mita za ujazo 10 kwa sekunde. Hizo ni kilo 20 kila sekunde, tani 72 kwa saa: udongo wa kujaza malori kumi ya tani saba! Ndiyo sababu kipimo cha tope bila kipimo cha wingi wa maji hakitoshi.

Vyama vya watumiaji maji vinaweza kusaidia sana. Bomba refu la plastiki angavu lenye alama nyeusi na nyeupe chini linatosha: unamimina maji hadi alama ipotee machoni, unaandika kina. Wanachama wapime juu na chini ya mahali kila kijito kinapoingia mtoni, mvua ile ile, na mahali udongo unapotoka patajulikana. Mara nyingine si shamba kabisa, ni barabara ya murramu au machimbo ya mawe.

Ndani ya jiji, katika mito ya Nairobi, Ngong na Mathare, udongo hubeba pia metali na vinyesi. Huko tope lipimwe pamoja na bakteria.