Macho ya manjano kwa mwenye kivimbe cha hidatidi si homa ya ini

"Kivimbe kilikuwepo tangu zamani, daktari. Haya manjano ni kitu kingine." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno kutoka kwa wagonjwa na ndugu zao, na kinachoniuma zaidi ni kuyakuta kwenye barua za rufaa. Mgonjwa ametoka Turkana au Samburu, kaskazini mwa Kenya, kivimbe chake cha hidatidi (mfuko wa maji unaoletwa na tegu wa mbwa na kukua ndani ya ini) kinajulikana, macho yamegeuka manjano, na barua inasema ametibiwa homa ya ini kwa wiki kadhaa: glukosi, vitamini, apumzike. Kabla ya hapo alishapewa dawa ya malaria kwa sababu alikuwa akitetemeka.

Hapo ndipo muda unapopotea. Turkana ni kati ya maeneo yenye viwango vya juu kabisa vya hidatidi kuwahi kurekodiwa duniani. Mwaka 1983 shirika la afya la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuudhibiti ugonjwa, likawapa mbwa dawa na kuwapima watu kwa ultrasaundi. Mtu wa huko akija na kivimbe cha ini na macho ya manjano, jambo la kwanza kufikiria ni kwamba kivimbe kimepasukia kwenye mirija ya nyongo. Virusi vya homa ya ini navyo vipimwe, lakini visiwe sababu ya kusubiri.

Kivimbe kinavyokua, kinakandamiza mirija midogo ya nyongo iliyo kando yake na kuila taratibu. Ukuta wa mrija ukitoboka, yanayofuata yanategemea shinikizo. Ndani ya kivimbe kizima shinikizo kwa kawaida ni kubwa kuliko la kwenye mrija, basi maji, vipande vya utando na vivimbe vitoto husukumwa kuingia njia ya nyongo. Tundu likiwa dogo, mgonjwa anaweza asihisi chochote. Likizidi 5 mm hivi, utando unapenya, unateremka na kukwama kwenye mrija mkuu. Mkojo unakolea, choo kinapauka, ngozi inawasha mpaka mtu hapati usingizi. Kisha nyongo iliyotuama inaingiwa na bakteria. Maumivu chini ya mbavu za kulia, homa ya kutetemeka na manjano vikikutana kwa mtu mwenye kivimbe, hiyo ni dharura. Maambukizi hayo yakiingia kwenye damu yanaua, na hayasubiri chupa ya glukosi iishe.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wenzangu. Kivimbe kikimwaga vilivyomo kwenye mrija kinanywea, na picha mpya inaonyesha kimekuwa kidogo kuliko zamani. Mgonjwa anaambiwa anapona! Ndiyo maana nawasihi wagonjwa wangu wote: tunzeni picha za zamani, msizitupe, njooni nazo kila mara. Kivimbe kilichonywea ghafla pamoja na macho ya manjano ni habari mbaya.

Kulitambua tatizo hakuhitaji mashine ya ajabu. Kwenye vipimo vya damu, bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) pamoja na vimeng'enya vya ALP na GGT vikipanda kuliko kimeng'enya cha ALT, fikiria njia ya nyongo iliyoziba. Kisha ultrasaundi, na anayepima aombwe waziwazi autazame mrija mkuu wa nyongo, asiishie kwenye kivimbe. Mrija uliopanuka wenye vitu ndani visivyotupa kivuli kama mawe yanavyofanya unatosha kuanzisha rufaa siku hiyo hiyo. MRCP, yaani picha ya sumaku ya mirija ya nyongo, ikipatikana itaonyesha tundu vizuri zaidi. Wapo wanaolaumu albendazoli, dawa ya minyoo tunayotibia hidatidi. Ni kweli inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, ndiyo maana tunapima damu mara kwa mara, lakini albendazoli haipanui mrija wa nyongo.

Matibabu yanaanza na maji na antibayotiki za mshipa, kisha ERCP. Kamera inapita mdomoni hadi kwenye utumbo mdogo, mlango wa mrija unakatwa kidogo, na puto dogo linapandishwa juu na kuvutwa chini. Utando unatoka mweupe, unateleza, laini kama nyama ya dafu changa, na nyuma yake inafuata nyongo nzito iliyochanganyika na usaha. Manjano huanza kupungua siku zinazofuata. Hapo mgonjwa anakuwa na nguvu ya kufanyiwa upasuaji wa kivimbe chenyewe, ikiwa bado kina vitu ndani. Hospitali zenye ERCP ni chache, na kwa sababu hiyo hasa rufaa isicheleweshwe.

Wagonjwa huniambia na mengine. "Kivimbe si maji tu? Yavuteni kwa sindano." Kuna vivimbe tunavyovuta kwa sindano, tukaingiza chumvi kali ya asilimia 20 au alkoholi, kisha tukavuta tena, njia hiyo inaitwa PAIR. Lakini kivimbe kinachowasiliana na mirija ya nyongo hakiruhusiwi kabisa kutibiwa hivyo. Dawa hizo zikiingia kwenye mirija zinaiunguza, inapata makovu na kusinyaa, na ini linaharibika kwa miaka inayofuata. Kwa hiyo maji yanayovutwa mwanzo yanapimwa bilirubini kabla ya kuingiza dawa, hata kwa kijiti cha kupimia mkojo. Yakiwa na nyongo, unaacha hapo hapo. Na mtu asithubutu kutoboa kivimbe bila kumkinga mgonjwa kwa albendazoli na bila dawa za mzio mkali mkononi.

"Nilimeza dawa ya minyoo." Kidonge kimoja cha 400 mg hakifanyi lolote hapa. Hidatidi hutibiwa kwa 10 hadi 15 mg kwa kila kilo ya uzito kwa siku, dozi ikigawanywa mara mbili, kwa miezi. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta mwili unafyonza dawa kidogo sana. Na utando uliokwama kwenye mrija hauondolewi na kidonge chochote.

"Kipimo cha damu kilisema sina." Kipimo cha kingamwili kinaweza kuwa hasi na kivimbe kipo. Aminini picha.

"Ni nyama ya mbuzi." Hapana. Mbwa ndiye anayekula matumbo yenye vivimbe na kupata tegu; binadamu anameza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mbwa.

La mwisho ni la baada ya upasuaji: "Nyongo inatoka kwenye mrija wa plastiki waliomwekea tumboni, basi daktari ameharibu." Kivimbe kikishaondolewa vilivyomo, shinikizo linageuka, na nyongo inatiririka kupitia tundu lile lile lililokuwepo. Uvujaji mdogo mara nyingi hujifunga wenyewe baada ya wiki kadhaa. Ukiendelea au ukiwa mwingi, ERCP na stenti (kijibomba kinachowekwa ndani ya mrija wa nyongo) hupunguza shinikizo kwenye mrija, nyongo ikarudi njia yake. Stenti ya plastiki itolewe au ibadilishwe, kwa kawaida ndani ya miezi 3. Ikisahaulika inaziba na manjano yanarudi. Ukiruhusiwa kwenda nyumbani na mrija huo wa tumboni, andika kila asubuhi ni mililita ngapi zimetoka na ni za rangi gani, kisha lete daftari hilo kliniki. Homa ikianza, usisubiri tarehe ya kliniki.