Kushikilia kitufe sio bure: dhana potofu kuhusu kupanga vitufe vya kontrola ya gitaa

Juzi nimeletewa tena kontrola ya miguu ya vitufe vinne, lile boksi la sakafuni ambalo mpiga gitaa analikanyaga kubadilisha sauti, na mwenyewe kaanza na maneno yaleyale ninayoyasikia kila mara: "solo yangu inachelewa kuingia, nimebadilisha waya, nimebadilisha adapta, bado." Waya sikuugusa hata. Nikafungua programu ya kupangia kazi, nikaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha solo, nikakuta kimepewa kazi mbili, ukikigonga kinawasha sauti ya solo na ukikishikilia kinafungua tyuna, ile ya kulinganishia nyuzi. Nikaifuta ile ya tyuna, nikamwambia haya piga. Ikaingia palepale. Akaniangalia kama nimemfanyia dawa, kumbe nimefuta mstari mmoja.

Sasa hii ndo dhana inayonichosha kuliko zote, na naomba niieleze mpaka mwisho maana nikiieleza nusu mtu anarudi tena na boksi lilelile.

Dhana: kitufe kimoja kinaweza kubeba kazi mbili tatu bila hasara yoyote

Mtu anataka boksi dogo, anaambiwa kila kitufe kina kugonga, kushikilia na kugonga mara mbili, basi anapiga hesabu vinne mara tatu ni kumi na mbili, anafurahi. Ile hesabu iko sawa kwenye karatasi. Jukwaani haiko sawa kabisa.

Jifanye wewe ndo chipu iliyomo ndani ya boksi. Mguu umekanyaga. Unachojua ni kitu kimoja tu, swichi imefunga. Hujui jamaa anataka solo au anataka tyuna, utajua pale atakapoachia mapema, au pale muda wa kushikilia utakapotimia na mguu bado uko chini. Kwa hiyo huna la kufanya ila kusubiri. Ndo maana kwenye kitufe chenye kazi ya kushikilia, ile kazi ya kugonga huwa haifanyiki mguu unaposhuka, inafanyika mguu unapoinuka. Haijalishi kontrola ni ya bei gani, hakuna chipu inayojua mguu wako utafanya nini baadaye.

Haya tuweke namba. Wimbo wa tempo 120, biti moja ni milisekunde 500, nusu ya biti 250, robo ya biti 125. Ukikanyaga na mguu ukakaa chini milisekunde 200, na hiyo ni rahisi sana kutokea kwa mtu aliyesimama anaimba huku uzito uko mguu mmoja, solo yako imechelewa kuliko robo ya biti. Noti ya kwanza ya solo imeshatoka na sauti ya ridhimu, ndogo, kavu, na ile ya pili inaruka ghafla juu. Msikilizaji hajui kilichotokea ila anasikia kabisa kwamba kuna kitu kimejikwaa.

Kibaya zaidi kuchelewa kwenyewe hakufanani. Kama ingekuwa kila siku ni milisekunde 200 zilezile ungezoea, ungekanyaga mapema kidogo na maisha yangeendelea. Lakini hapa kuchelewa ni urefu wa mguu wako kukaa chini, leo 120, kesho umechoka 300, wimbo wa taratibu unakanyaga polepole 400. Huwezi kuzoea kitu kinachobadilika kila ukikigusa. Wapo wanaojifundisha kukidonoa kitufe haraka haraka kama kuku, afu jukwaani wanakidonoa pembeni kinakosa kabisa.

Kugonga mara mbili ndo balaa zaidi, maana pale hata ukishaachia chipu bado inasubiri kuona kama utagonga tena. Kama dirisha la kusubiri limewekwa milisekunde 300, basi kila ukigonga mara moja kama kawaida kazi inacheleweshwa 300 hata kama hiyo kazi ya pili hujaitumia tangu ununue boksi.

Kwenye lupa, ile inayorekodi kipande ulichopiga na kukirudiarudia, ndo utalia. Tuseme kitufe cha kurekodi kinafanya kazi mguu ukiinuka. Mwanzo wa lupu, yaani kile kipande, umechelewa 150, mwisho umechelewa 250, maana yake lupu yako imekuwa ndefu kwa milisekunde 100. Mzunguko wa kwanza hausikii kitu. Ila mpiga ngoma yuko kwenye tempo yake na lupu inabaki nyuma yake 100 kila ikizunguka, mzunguko wa tano mmeachana milisekunde 500, yaani biti nzima kwenye tempo 120. Hapo ndo watu wanageukiana na kuanza kumlaumu mpiga ngoma ambaye hana kosa lolote.

Kwa hiyo mimi sheria yangu ni hii na siibadilishi hata mteja akinuna: kazi yoyote inayofungamana na biti, yaani solo, kuhama vesi kwenda korasi, tapu tempo (kuweka tempo kwa kugonga), lupa, inapata kitufe chake peke yake na inafanya kazi mguu unaposhuka. Kazi isiyo na haraka, mfano tyuna, kubadilisha ukurasa, kuingia kwenye mipangilio, hizo zishikiliwe, na zishikiliwe kwenye vitufe ambavyo navyo havina haraka. Tyuna iwe kazi ya kushikilia ya kitufe cha benki, yaani kile cha kuhamia kundi lingine la sauti. Hakuna mtu anayebadilisha benki katikati ya noti.

Kuna namna moja tu ya kushikilia ninayoipenda. Ni pale kazi ya kwanza inaanza mguu ukishuka bila kusubiri, na ukiendelea kushikilia inakua. Kwa mfano ukikanyaga dilei, ile efekti ya mwangwi, inawaka saa hiyohiyo, ukishikilia mwangwi unaanza kujirudia bila kufa mpaka utakapoachia. Hapo chipu haihitaji kubashiri kitu, kwa sababu kazi ya pili ni mwendelezo wa ya kwanza. Ila tyuna sio mwendelezo wa solo jamani.

Ukitaka kujua kontrola yako iko upande gani hauhitaji kifaa chochote. Piga kordi, kanyaga kitufe, usiinue mguu, sikiliza. Sauti imebadilika? Vizuri. Haijabadilika mpaka umeinua? Umepata jibu. Fanya kitufe kimoja kimoja, dakika mbili umemaliza, na ufanye hivyo kabla ya kuniletea waya.

Dhana: ni MIDI ndo inachelewesha

Hapana. MIDI ni lugha ambayo kontrola inatumia kutuma amri kwa vifaa vingine, na ile ya waya, ya tangu mwaka 1983, inatembea kwa biti za data 31,250 kwa sekunde. Ujumbe wa kubadilisha priseti (sauti uliyoipanga na kuihifadhi) ni baiti mbili, unapita kwa chini ya milisekunde moja, wa kuwasha efekti ni baiti tatu, unapita kwa karibu milisekunde moja. Tuma jumbe tano kwa mkupuo mmoja hujafika hata milisekunde tano. Ukisikia sauti inakatika unapohama priseti, mara nyingi ni prosesa yenyewe, yaani kifaa kinachotengeneza sauti, inapakia efekti upya, na hapo dawa ni kukaa ndani ya priseti moja na kuhama sini (mipangilio midogo ya kuwasha na kuzima efekti ndani ya priseti hiyo), sio kununua kontrola nyingine.

Dhana: nafasi ya sentimita tano kati ya vitufe inatosha, nimepima

Umepima na nini? Na kidole, mezani. Huu ndo ugonjwa wa pili kwa ukubwa. Mtu anachora mpangilio kwenye laptopu, unapendeza, mistari imenyooka, afu anaubonyeza kwa vidole vya mkono na kusema uko poa. Kiatu cha mtu mzima kwenye sehemu pana kina sentimita kama 10. Ukiweka vitufe kila baada ya sentimita 5, ukilenga kimoja umevifunika na majirani zake, kwa hiyo inabidi ukanyage kwa ncha ya kiatu tu, kwa mguu mmoja, gizani, huku mdomo uko kwenye maiki na huwezi kuinama.

Mimi naanzia sentimita 7.5 kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya kingine, na kwa mtu anayevaa buti nakwenda 9 au 10. Mstari wa nyuma nausogeza sentimita 10 hivi na kuuinua sentimita tatu juu ya ule wa mbele, ili mguu ukienda nyuma upite juu ya vitufe vya mbele bila kuvigusa. Mstari wa nyuma usipoinuliwa ni mapambo, utauogopa na hutautumia.

Na kabla hujatoboa bati hata tundu moja, chukua kadibodi, bandika vizibo vya chupa kwa gundi pale unapotaka vitufe, weka sakafuni, vaa gitaa, vaa viatu vya jukwaani, simama mbele ya stendi ya maiki, piga wimbo mzima huku unaimba na macho yako mbele. Kila unapokosa weka alama ya kalamu. Baada ya nyimbo tatu ile kadibodi itakuwa imekwambia mambo mengi kuliko mimi. Wateja wengi wanaona hii ni kazi ya kitoto, wanaruka, afu wanarudi kutaka tundu lisogezwe. Tundu halisogezwi.

Kitu kingine ambacho kadibodi itakuonyesha: vitufe vya pembeni ndo rahisi kupata bila kuangalia, maana mguu unahisi ukingo wa boksi. Paul Fitts alishaonyesha mwaka 1954, kwa majaribio ya mikono, kwamba muda wa kufikia kitu unaongezeka kikiwa mbali na kikiwa kidogo, na mguu hauna ustadi wa mkono. Kwa hiyo kazi muhimu kuliko zote iweke kona ya mbele, upande wa mguu unaokanyagia. Katikati ya mstari wa nyuma weka vile ambavyo ukivigusa kwa bahati mbaya vinaua shoo, kama kufuta lupu, kubadilisha benki na kuzima sauti.

Dhana: vitufe vifuate mpangilio wa efekti

Hii inatoka kwenye pedali za kawaida, ambapo waya mara nyingi unaingilia kulia na kutokea kushoto, kwa hiyo distoshen (ya kukwaruza sauti) inakaa kulia na riverb (ya mwangwi wa ukumbi) inakaa kushoto kabisa. Kwenye kontrola sauti haipiti kwenye vitufe, zinapita amri tu. Uko huru, uhuru wenyewe utumie. Andika nyimbo zako kwenye karatasi, kila mabadiliko uandike nini kinawaka na nini kinazima kwa wakati mmoja. Ukiona mara nne umeandika "distoshen iwake, dilei iwake, koras izime" (koras hapa ni efekti, sio korasi ya wimbo), hicho ni kitufe kimoja, sio vitatu, na hata ukipewa vitufe kumi na mbili bado miguu yako ni miwili na mmoja umeusimamia.

Dhana: swichi ya kukwama ni bora kwa sababu inabaki ilipo

Kwa pedali ya kawaida sawa. Kwa kontrola hapana, tumia ya kurudi yenyewe. Ile ya kukwama ina kumbukumbu yake na programu ina kumbukumbu yake, ukihamia priseti ambayo dilei imeshawaka huku swichi iko kwenye kuzima, unajikuta unakanyaga mara mbili ili kupata kitu kimoja. Na kama unaandika programu mwenyewe, kumbuka vyuma vya swichi vinadundadunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia. Wengi wanasubiri vitulie ndo wachukue hatua, kumbe unatakiwa uchukue hatua kwenye mguso wa kwanza kabisa, afu ndo uvipuuze kwa milisekunde 20 zinazofuata. Swichi ileile, ila hakuna kusubiri.

Dhana: rangi za taa zitanielekeza

Zitakuelekeza chumbani. Jukwaani taa nyekundu ikikumulika kutoka juu, nyekundu na chungwa na pinki ni kitu kimoja. Afu wapo wanaume wengi ambao hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na wengine hawajui kama wako hivyo. Tegemea mahali kitufe kilipo kwanza, mwanga mkali dhidi ya mwanga hafifu pili, rangi iwe ya mwisho. Na taa ikae upande wa mbali wa kitufe, usio wa kwako, maana upande wako ndo mguu unapotokea na utaifunika muda wote. Lebo nazo hivyohivyo, juu ya kitufe sio chini yake.

Dhana: nimebonyeza priseti 10 imekuja 11, kontrola mbovu

Ndani ya MIDI namba ni 0 mpaka 127. Vifaa vingine vinaonyesha 1 mpaka 128, vingine 0 mpaka 127. Kimoja kinahesabu kutoka sifuri na kingine kutoka moja. Tafuta mpangilio huo kwenye kimojawapo ubadilishe, ukikosa ongeza au punguza moja kwenye namba unayotuma, na usifungue boksi kwa bisibisi.