Kwa nini Wajir na Mandera hukosa walimu ilhali Kenya ina walimu wengi wasio na kazi?

Maelfu ya Wakenya waliosajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) bado wanasubiri kuajiriwa. Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, madarasa yanawasubiri wao.

Kwa miaka mingi kaunti hizi zilitegemea walimu kutoka sehemu nyingine za nchi. Novemba 2014, al-Shabaab waliteka basi lililotoka Mandera na kuwaua abiria 28, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizoni. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na TSC ikawahamisha walimu wasio wenyeji. Marupurupu ya mazingira magumu yapo, lakini hayamrudishi mtu anayehofia roho yake.

Basi mbona wasiajiriwe wenyeji? Hapa ndipo penye fundo. Kusomea stashahada ya ualimu wa msingi kunahitaji wastani wa C katika KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Mwalimu wa sekondari anahitaji wastani wa C+, na C+ nyingine katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha. Aliyemaliza kidato cha nne bila mwalimu wa fizikia ataitoa wapi C+ ya fizikia? Uhaba wa leo unapunguza walimu wa kesho.

Mwaka 2018 serikali ilitaka kushusha alama hizo kwa kaunti 17 zilizoachwa nyuma, TSC ikapinga. Kushusha alama pekee kunarudisha darasani pengo lilelile. Anayeingia na alama ya chini apewe kwanza masomo ya ziada ya hesabu na Kiingereza, afanye mtihani, ndipo aanze ualimu wenyewe.

Na mwenyeji si wa kujaza nafasi tu. Sera inataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake hadi Gredi ya 3, na sehemu kubwa ya Wajir hiyo ni Kisomali. Asiyekijua huandika ubaoni, watoto wakanakili herufi wasizozielewa, kisha Gredi ya 4 masomo yanageuka Kiingereza mtoto akiwa hajajua kusoma lugha yoyote. Walimu wa kike nao ni wachache mno: msichana akipata hedhi akiwa shuleni hana wa kumweleza, na siku za hedhi hubaki nyumbani.